Kona ya Kanga ya Mama Anjela

Habari ya miwani hii wajukuu wangu wameisikia mpaka wameichoka, sasa wanataka niiandike. Mimi nimeishia darasa la nne. Haya.

Nilipokuwa mtoto tulipanga Kariakoo, enzi zile za kupanga foleni kwa kila kitu. Nilikuwa sioni mbali. Shangazi Mwajuma, dada yake baba, akanipeleka hospitali, nikapewa miwani mizito kama vitako vya chupa. Daktari akasema, "Wiki mbili sakafu itakuchezea. Usiivue." Shangazi alikuwepo, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye foleni ya sukari.

Tulipofika nyumbani, Mama Anjela, mpangaji wa chumba cha uani, muuza samaki wa kukaanga, akacheka. "Macho makubwa hayo, utaona mpaka Unguja."

Muda si muda nikajikwaa kizingitini. Nikawa natembea nikinyanyua miguu kama kuku kwenye tope.

"Sakafu inapanda," nikasema.

"Saruji inapanda wapi?" Shangazi akaniangalia. "Umepigwa kijicho. Mama Anjela amekusifia macho, hata mashallah hakusema."

Mama Anjela alikuwa Mkristo wa kutoka kusini. Hiyo mashallah angejifunzia wapi?

Kwetu, dawa ya kijicho ni kufukizwa kipande cha nguo ya aliyekutazama. Jumapili, Mama Anjela akiwa kanisani, nilikaa barazani nikitazama kupitia ukumbini hadi uani, mbali ambako zamani niliona ukungu tu. Nikamwona Shangazi na mkasi, anakata kona ya kanga ya Mama Anjela kwenye kamba.

Akanifunika shuka, akachoma kile kitambaa na ubani. Nikakohoa mpaka machozi.

"Sasa?"

"Bado inapanda."

"Basi kesho miwani inarudi hospitali."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimeanza kuona sura za watu.

Mama Anjela aliporudi akaanua kanga yake, akasimama nayo katikati ya ua. Akanigeukia. "Wewe mwenye macho manne, nani kaikata?"

"Shangazi. Nimemwona kutoka barazani." Nikamalizia na maneno ya daktari, yote.

"Kwa hiyo mie mchawi, Bi Mwajuma?" akauliza polepole. "Na mtoto anaona mkasi kutoka barazani, bado unasema macho yameharibiwa?"

Kesho yake hospitali hatukwenda. Miwani nikabaki nayo, na kabla wiki mbili hazijaisha sakafu ikatulia.

Sisemi kijicho hakipo. Nimekaa mjini, nimekiona. Ila kile kilikuwa kioo kizito, na mtu mzima asiyesikiliza. Shangazi radhi hakuomba hata siku moja. Jioni ile alifungua sanduku, akatoa doti mpya ya kanga aliyoiwekea harusi ya binti yake, akamkabidhi Mama Anjela. Harusini walikaa mkeka mmoja, Mama Anjela na doti mpya, mama wa bibi harusi na kanga iliyopauka.