Mota Inayojilisha Mteremkoni

Dereva wa bodaboda anayemtoa Dolphine mtaa wa Kibuli kila asubuhi kumpeleka kazini alichukua wiki tatu kuchagua mota ya pikipiki yake ya umeme, kwa umakini wa mtu anayechagua mkwe. Ile inayofungwa katikati ya pikipiki, inayovuta mnyororo, aliitomasa kwa vidole vyake vya grisi, akakohoa, akaidharau. “Nyabo, mnyororo ni ya watu hawajasoma,” alimwambia Dolphine, akimwita bibi kwa Kiganda, ilhali dereva mwenyewe alikuwa amesoma karatasi moja tu ya dukani. “Hii ya ndani ya gurudumu, nikishuka mlima, inajaza betri yenyewe. Ila lazima iwe imewashwa.” Karatasi yenyewe aliitembeza stejini kama cheti cha chuo kikuu, mpaka wenzake wakamwita Profesa, naye akaitika.

Jumatatu, mota mpya ikiwa imeshafungwa, wakafika ukingoni mwa mteremko. Dolphine, nyuma, amekumbatia pochi, alinyoosha shingo auone huo muujiza wa betri. Profesa akakohoa, akaweka sawa kofia, na kidole gumba kilichozima injini kwenye kila mteremko kwa miaka kumi na minane kikazima mota.

“Mbona umezima?”

“Nyabo,” alijibu kwa upole wa kumhurumia mjinga, “kwa mteremko nani anachoma petroli?”