Kambi Ilipotaka Ninyamaze

Wazazi wangu walitoka Kigoma kuja kukata mkonge kwenye tambarare za Same. Kambini tulikuwa familia chache za kwetu, na wenyeji walituita watu wa kuja. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Shamba lilipoanza kupunguza watu, miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, baba alikwenda kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kuvua samaki. Mimi na mdogo wangu wa kike akatuacha kwa kaka yake.

Baba mkubwa alitupiga kwa kamba ya katani. Mdogo wangu akikojoa kitandani, alifungiwa stoo kutwa nzima bila chakula. Nilikuwa nikimpitishia vipande vya muhogo chini ya mlango. Kambi nzima ilisikia kilio chake, maana vyumba vyetu vilitenganishwa na ukuta mmoja tu.

Asubuhi moja baba mkubwa alimmwagia mdogo wangu maji ya moto mguuni. Nilimbeba mgongoni, nikashika njia ya zahanati. Mama jirani alinikimbilia.

"Sema alijimwagia uji," aliniambia kwa lugha yetu. "Tuko wachache hapa, mwanangu. Watasema sisi sote ni wanyama."

"Na huyu je?" nilimuuliza, nikimwonyesha mguu ulivyobabuka.

Nikaendelea na safari.

Nesi alikuwa mama wa Kipare kutoka milimani, mkali kwa kila mtu. Nilimwamkia.

"Marahaba. Nani kamfanya hivi?"

Benchi lilijaa wagonjwa. Nilijua maneno yangu yangefika kambini kabla yangu.

"Ni baba mkubwa," nilisema kwa sauti. "Na si mara ya kwanza." Nikageuka, nikainua blauzi aone mgongo wangu.

Alimfunga mdogo wangu kidonda, kisha akatupeleka mwenyewe kwa katibu kata.

Jioni wazee wa kambi waliniita. Walitaka kesho yake nikamwambie katibu kata kwamba nilidanganya.

"Unatuaibisha mbele ya Wapare," mmoja aliniambia.

"Niliyoyasema ndiyo nitakayoyasema tena."

Mama jirani alikuwa mlangoni. Akaingia bila kukaribishwa. "Mimi nimeyasikia yote ukutani," alisema. "Kesho naenda naye."

Alikwenda kweli. Polisi walimchukua baba mkubwa, na sisi tukahamia kwa mama jirani. Kwa muda mrefu kulikuwa na watu kambini ambao hawakuitikia salamu yangu. Niliwasalimia hivyo hivyo.

Baba aliporudi, alianza kunifokea kwa nini nimetoa mambo ya nyumbani nje. Nilimwomba akae, nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza hadi nilipomaliza, kisha akaanza kufunga virago vyetu. Tulikwenda kuishi naye kule bwawani, kwenye harufu ya samaki wa kukaushwa. Siku ya pili nilimshika mdogo wangu mkono, nikaenda kumtafuta mwalimu mkuu wa shule ya pale atuandikishe.