Sauti Yangu Ilimpa Mama Mkwe Pole, Mimi Sikumpa

Jioni moja nilifika nyumbani Newala nikajisikia naongea jikoni.

Mimi mwenyewe. Sauti yangu kabisa. Na hapo nimesimama uani, mfuko wa dagaa mkononi, mdomo nimeufunga.

"Pole sana," sauti yangu ilikuwa inasema. "Sema taratibu. Nakusikiliza."

Nikachungulia. Mama mkwe wangu, Yuliana, kainamia kiswaswadu chake, kile kisimu cha vitufe, analia.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani ni uchawi.

Naitwa Dorika. Mwaka jana chuo kimoja cha Dar na kingine cha Ulaya vilileta mradi wa utafiti huku kwetu, Masasi na Newala. Mtu mwenye huzuni nzito anapiga namba ya bure, anasikiliza ushauri kwa Kimakonde, halafu anasema yaliyo moyoni. Baadaye mshauri anampigia. Walitafuta sauti ya upole, wakasikiliza watu kibao, wakanichukua mimi, wakanirekodi.

Nikatamba mtaa mzima. Sauti ya mradi ni mimi.

Nyumbani sasa.

Mama mkwe alifiwa na kitindamimba wake Anthony, shemeji yangu. Tangu tuzike, kila akianza, "Anthony wangu alikuwa..." mimi namkata.

"Mama, inatosha. Tumeshazika."

Akiendelea, namchunia, nachezea simu. Niliona ananichosha. Ndiyo ukweli.

Jioni ile nilikohoa. Akazima simu haraka, akafuta macho kwa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Flora. Moshi huu."

Nikajikausha. Moyoni nikasema hajanitambua, simu zenyewe zinakwaruza.

Kama wiki hivi ikapita, mradi ukaniita Masasi kutafsiri mahojiano. Profesa Arthur alikuwa amekuja kutoka Ulaya, na mwenzake wa Dar, Dk. Tahiri. Mhojiwa anaongea Kimakonde, mimi naweka Kiswahili, Dk. Tahiri anampelekea Profesa kwa Kiingereza.

Mhojiwa wa kwanza akapiga hodi.

Mama mkwe. Nyumbani aliaga anakwenda Chiwata kwa dada yake.

"Mnafahamiana?" Dk. Tahiri akauliza. "Kama ni ndugu, mkalimani itabidi atoke."

Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu kwa Kiswahili chake cha polepole, "Tunaonana tu huko Newala."

Nami nikaitikia kwa kichwa.

Akaulizwa nini kimemsaidia. Akaongea bila kuniangalia.

"Yule dada wa kwenye simu. Ananipa pole. Kwangu yupo mtu mwenye sauti kama ile, lakini mimi hajawahi kunipa. Nilizika mtoto, nikaambiwa inatosha."

Nikatafsiri, neno kwa neno. Dk. Tahiri akampelekea Profesa, na Profesa akatikisa kichwa kwa huruma. Nilikuwa naiona aibu yangu inavyopita lugha hadi lugha. Jasho linanitoka na feni inazunguka.

"Na mwenye sauti ya kwenye simu, unamjua?" Dk. Tahiri akauliza, nami nikatafsiri.

Mama akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Simjui," akasema. "Natamani siku moja nimjue."

Alijua. Tangu mwanzo alijua ni mimi. Nimemtesa vile, na bado ananisitiri mbele ya wageni.

Badala ya kutafsiri, nikamgeukia Dk. Tahiri.

"Daktari," nikasema, "huyu ni mama mkwe wangu. Huyo mtu wa nyumbani ni mimi. Na wa kwenye simu ni mimi."

Profesa akawa anatuangalia kwa zamu, hakuna aliyemtafsiria.

Dk. Tahiri akazima kinasa sauti. "Toka kwanza, dada Dorika," akaniambia, wala hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza.

Mahojiano yakarudiwa na mkalimani mwingine. Mimi kazi ya kutafsiri ikaishia hapo.

Kesho yake nilimkuta mama uani anabangua korosho. Nikavuta kigoda nikakaa. Ulimi mzito kama si wangu.

"Mama, Anthony utotoni alikuwaje?"

Akabangua kwanza, akapuliza maganda.

"Unauliza kwa ajili ya kazi, au unauliza wewe?"

"Nauliza mimi, mama."

Kisha akanisogezea ungo, tubangue wote.

"Alikuwa mbishi," akasema. "Tangu tumboni."

Tuliongea mpaka jua likatuhamisha pale.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayerudia habari ileile kila siku, kaa umsikilize. Usingoje aende kuilia kwa watu baki, halafu uje uisikie huko. Aibu niliyoipata mimi Masasi simwombei mtu.