Mkono Nilioutaja

Mwaka ule harufu ya kiwanda cha shaba cha Shituru, hapa kwetu Likasi, ilikatika. Sisi tuliozaliwa katika nyumba za kampuni tulikuwa tumeizoea, ile harufu kali ya asidi iliyokereketa koo na kuacha ladha ya chuma ulimini, hata mgeni akikohoa tulimcheka. Ilipokatika, hewa ikawa safi na sufuria zikawa tupu. Mishahara ilikuwa imekoma kuja. Baba, fundi umeme aliyependa shati lililopigwa pasi, alibeba sururu akaenda Kambove kuchimba shaba pamoja na watu ambao zamani asingewasalimu. Wiki zilipita bila habari zake, na aliporudi alileta vumbi tu. Mama alishinda sokoni akiuza unga. Nyumbani tulibaki wawili, mimi mtoto wa miaka tisa na Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Alikuwa mama mzazi wa baba, naye alikuja kuishi nasi kutoka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele baada ya babu kufariki.

Kambo ndiye aliyenilisha. Alimega bukari, ugali wetu, akauchovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akauweka katika kiganja changu na kusubiri nimeze. Dagaa wakiwa wachache alisema ameshiba. Niliamini kwamba wazee hushiba upesi, nikala na sehemu yake bila hata kushukuru. Mtoto mwenye njaa hana adabu, na mimi nilikuwa na njaa kuliko watoto wengi.

Kadiri kazi zilivyokufa, ndivyo maombi yalivyozidi. Kila Alhamisi alasiri kikundi cha maombi kilikusanyika sebuleni kwetu, na pasta alikuwa na desturi ya kuwauliza watoto wameota nini, kwa sababu iliaminika kwamba Mungu huwaonyesha watoto yale ambayo wakubwa wanayaficha. Wiki moja msichana wa rika langu alisimulia ndoto yake. Akina mama walimkumbatia, wakamlilia, wakampa biskuti. Nilimwonea wivu, siwezi kuficha. Mama alikuwa na uchovu mwingi wakati ule, na zaidi ya Kambo hakuna aliyekuwa amenishika kichwa kwa miezi. Basi Alhamisi iliyofuata nikasimama bila kuitwa. Nilisema nimeota nyama, kwamba mkono ulileta sahani nami nikaila yote. Nilikuwa nimelala bila kula, ningeota nini kingine? Lakini katika makanisa yetu kila mtu alijua, hata mimi nilijua, kwamba anayekulisha ndotoni anataka kukutia uchawi. Pasta aliinama, akaniuliza kwa upole, "Uliona mukono ya nani?"

Sikuwa nimeona uso. Nilitafuta kichwani mkono wowote ulionilisha, nikaupata mmoja tu.

"Ya Kambo," nikasema.

Alikuwa ameketi palepale, karibu na mlango. Alinitazama, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. Kweli nilikumbatiwa alasiri ile, na biskuti nilipewa.

Iliamuliwa Kambo afunge siku tatu bila chakula wala maji, katika kibanda cha makaa nyuma ya nyumba, mpaka aungame. Mama alifunga kufuli mwenyewe. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na hofu, na aliona hatimaye amejua kwa nini Kambove haikutupa kitu. Sisemi hivi kumtetea. Siku ya kwanza Kambo aliimba nyimbo za kanisani. Siku ya pili aliacha kuimba, akaanza kuniita kupitia nyufa za mbao, "Mutoto, mayi kiloko," akiomba maji kidogo tu. Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni, jagi la maji limejaa pembeni yangu, nisiende. Nilikuwa nimeambiwa kwamba atakayemnywesha atakuwa wake milele. Uani hapakuwa na mtu mwingine. Niliziba masikio, na sijawahi kuwa peke yangu kama mchana ule.

Siku ya tatu asubuhi hakuniita. Nilikimbia kwa jirani, Mama Leontina, mjane wa mfanyakazi wa reli, ambaye watu wa kikundi chetu walimhesabu amepotea kwa sababu hakusali nasi. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Hakuniuliza swali hata moja, alichukua shoka la kuni. Kufuli lilikuwa limeshavunjika mama alipotokea akitoka sokoni, akasimama mbele ya mlango wa kibanda.

Nikasema, "Mama, siyaona sura. Ilikuwa mukono tu."

Mama aliniamuru ninyamaze. Mama Leontina akamwambia taratibu, "Huyu ni mama ya bwana yako. Kama anakufa humu, utamuambia bwana yako nini?" Mama alisogea pembeni. Mama Leontina alimbeba Kambo mgongoni hadi kwake, na Kambo alikuwa mwepesi mno.

Alipona, akaishi kule miezi minane. Baba aliporudi alisimama kwenye lango la jirani, akaweka mfuko wa unga chini, akaondoka bila kuingia. Mimi nilikwenda kila alasiri. Kambo alinipokea vizuri, akaniuliza habari za shule. Lakini chakula kilipoiva aliisukuma sahani kwa ncha za vidole na kuurudisha mkono wake haraka mapajani. "Kamata weye mwenyewe," alisema. "Minye sitakupatia tena na mukono." Hakusema kwa hasira. Nilimega mwenyewe, kichwa chini, siku zote hizo, mpaka alipofariki.

Leo Likasi ina kazi tena, malori ya madini yanapita usiku na mchana. Wazee bado wanatajwa kwenye vikundi vya maombi, na mara mbili nimekwenda na majirani kumtoa mzee aliyefungiwa. Baba hayupo tena, na mama anaishi nasi. Hatujawahi kuzizungumzia zile siku tatu. Juzi mimi na mama tulikuwa tunachambua maharagwe, watoto wangu wakicheza uani, akaniuliza bila kuinua macho, "Siku batoto yako bakinilota minye, utafanya namna gani?"

Nilijibu kwamba hata watoto wakimwota, hakuna mtu atakayemgusa katika nyumba yangu, na hiyo ni kweli. Ila nilichelewa kujibu. Kwa muda mfupi nilitaka aogope, na mama, aliyekuwa ameinua macho kunitazama, aliliona hilo.