Vidole Vyangu Kwenye Jiliwa

Naandika hii kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi zikikosea njia mnivumilie. Wa kulia bado umefungwa.

Waliubana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu kwenye meza ya fundi. Tena jiliwa langu mwenyewe. Waliozungusha mpini walikuwa watu wawili ambao sikuwahi kuwaona.

Na wakati wanazungusha, nilikuwa na tumaini moja tu. Mwanamume mmoja ambaye uso wake pia sikuwahi kuuona.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta. Natengeneza vioo vilivyopasuka, nikipata mwanya naandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu. Nauandikia jukwaa la kujifunzia mtandaoni, la bure kabisa. Vyuo vinalitumia kufundishia na kutoa mitihani, na mtu yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kupendekeza marekebisho.

Hakuna anayetulipa. Mama aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hao unaowafanyia kazi wanakujua?"

Nikamwambia mmoja ananijua.

Huyo mmoja tulimwita Mwalimu. Alikuwa mkaguzi. Sheria ya kule ni kwamba hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe. Unatuma wewe, anakagua mwenzako, akikubali ndipo inaingia.

Na Mwalimu hakubali kitu. Jamani, yule mtu. Ndani ya msimbo kuna maelezo mafupi tunayoandikiana sisi binadamu, mashine inayaruka tu. Ukisahau nukta mwishoni mwa hayo maelezo, anakurudishia kazi nzima. Mradi mzima hakuna mwingine anayehangaika na nukta pale. Kazi yangu ya kwanza aliikataa mpaka nikalia.

Lakini alinifundisha. Ninachokijua leo, nusu yake nilikipata kwenye kukataliwa kwake. Nilimtumia hadi picha ya karakana yangu. Na mama alipoumia, kila wiki aliniuliza hali yake.

Mama aliumia hivi. Alilazwa kwa homa, nesi mmoja akamchoma sindano ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Homa ilipona, mguu haukupona. Nesi alipobanwa na wakubwa wake akakiri kwamba mitihani yake ya chuo alinunua majibu.

Damu ilinichemka. Chuo chake kilikuwa kinatumia jukwaa letu.

Nikaufungua msimbo, nikachimba. Nikakuta tundu. Mwanafunzi akifungua swali, jibu sahihi linakuja pamoja na swali, limefichwa nyuma tu. Anayejua pa kuchungulia anaokota na kwenda kuuza. Nikaandika kiraka cha kuliziba.

Mwalimu akakikataa. Mara ya kwanza, nafasi kati ya maneno zimezidi. Mara ya pili, jina la faili halijampendeza. Mara ya tatu akasema tungoje kwanza.

Mimi na kungoja hatupatani. Nikamwomba mkaguzi mwingine, mama mmoja wa nchi nyingine. Akapitisha siku ileile. Nikanunua soda, nikajipongeza.

Jumamosi asubuhi wakaingia wale wawili. Mmoja mnene, anatabasamu. Mwenzake kavaa kofia, hasemi neno. Mnene akanipa simu yenye kioo kibovu. Nilipoinama kuitazama, Kofia akashusha mlango wa bati.

"Dada, kuna kitu umekiziba," Mnene akasema. "Tunaomba ukizibue."

"Kitu gani?"

Nilikula kofi nikaona nyota mchana kweupe. Nilipopata fahamu vizuri, mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya jiliwa na Kofia kashika mpini.

Mnene akachomeka flashi kwenye kompyuta yangu.

"Kila kitu kimeshaandikwa humu. Wewe unatuma kwa jina lako, basi. Sisi tunaenda zetu, na mama yako mwenye mguu mbovu hatumgusi."

Wanamjua mama.

"Hata nikituma, lazima mtu mwingine akague," nikasema.

"Wewe tuma."

Nikasema situmi. Msidhani ni ushujaa. Nilikuwa nauona ule mguu wa mama unavyoburuta sakafuni, na hasira ikanizidi akili.

Kofia akazungusha. Kidole cha kati kikavunjika kwanza, mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Nikapiga yowe. Mnene akawasha redio yangu, akaongeza sauti mpaka mwisho. Kidole cha pete kikafuata. Nilijikojolea, nawaambieni ukweli.

Na hapo ndipo nikamkumbuka Mwalimu.

Mwalimu ataikataa. Hata malaika akimletea kazi, atamrudisha akaweke nukta. Nikituma sasa hivi ataishikilia wiki nzima, na mimi nitakuwa nimeshatoka hapa nikiwa hai.

"Natuma," nikasema.

Nikatuma kwa mkono wa kushoto. Nikakaza macho kwenye kioo, nangoja alama nyekundu ya kukataliwa.

Ikaja ya kijani. Ilikuja upesi, Mnene alikuwa hata hajanyanyuka kwenye kiti. Imepitishwa, na chini yake limeandikwa jina la Mwalimu.

Simu ya Mnene ikaita. Akasikiliza kidogo. "Sawa, mzee. Tumeona imepita," akasema, akakata.

Nikaipitia ile kazi waliyokuja nayo kwenye flashi, mstari kwa mstari. Kila maelezo yalikuwa na nukta mwishoni.

Aliiandika yeye. Hakuweza kuituma mwenyewe na kuipitisha mwenyewe, ndiyo maana akahitaji jina langu. Hata kwenye uhalifu, mkono wake ulishindwa kuacha nukta. Na kwa muda wote ule alikuwa akiniuliza hali ya mguu alioulemaza yeye.

Hilo liliniuma kuliko vidole.

Chuma cha kulehemu, kile tunachoyeyushia risasi ya kuungia nyaya, kilikuwa mezani kimewashwa tangu nilipofungua. Kofia aliinama kulegeza jiliwa. Mkono ulipochomoka tu, nikakikamata kile chuma kwa kushoto nikakizamisha shingoni mwake.

Ile harufu bado iko puani mwangu. Alipiga kelele kwa mara ya kwanza, nikajua kumbe si bubu.

Mnene akaja na bomba la chuma. Pigo la kwanza lilinivunja bega. La pili nilikwepa, likaipiga redio ikanyamaza. Nikamrukia, nikamng'ata sikio, nikaanza kupiga mayowe huku kinywa kimejaa damu yake.

Mlango ukapandishwa. Alikuwa jirani yangu, fundi majeneza, na nyundo mkononi. Akamtazama Mnene kuanzia utosini hadi miguuni, vile anavyopima mbao.

"Wewe utahitaji kubwa," akasema.

Mnene akakimbilia mlangoni, nyundo ikamkuta gotini. Watu wakajaa na mawe. Wangewamaliza palepale, lakini fundi majeneza akasimama juu yao akasema waacheni waongee kwanza, kwangu wataletwa baadaye.

Wakaongea, mbele ya polisi. Simu ya Mnene ikawafikisha kwa Mwalimu. Ni mkufunzi wa chuo kilekile alichosoma yule nesi. Darasani anafundisha, mtihani ukikaribia anauza majibu. Yule mama mkaguzi nilimwandikia nikiwa wodini, akarudisha kiraka changu, na tundu sasa limezibwa. Vidole viwili havitakunjika tena, daktari kasema.

Mama alikuja kunitazama, anaburuta mguu. Nikamsimulia yote.

"Ni yule aliyekuwa akiniulizia hali?"

"Ndiye, mama."

Akanivutia shuka mpaka kifuani.

"Na mimi kila nikiomba, nilikuwa namtaja."

Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naongeza langu. Mtu akikukatalia kila kitu usimchukie haraka, na akikujulia hali kila wiki usimkabidhi roho haraka. Tazama anapitisha nini, na kwa faida ya nani.

Mama bado anaomba kila jioni, namsikia kutoka chumba cha pili. Mwalimu hajamwondoa kwenye maombi. Amemhamisha tu, sasa anatajwa kule mwishoni, pamoja na shetani.