Uso wa Mamangu kwenye Chupa

Kiwanda nilichofanyia kazi kule Changamwe hakina jina lake dukani. Sisi huwatengenezea wengine. Mwenye chapa huleta chupa zake na lebo zake, sisi tunakamua mafuta ya nazi, tunajaza, tunafunga, tunapakia, na mnunuzi hajui kama sisi tuko duniani. Mafuta ya pipa moja huweza kuingia kwenye chupa za watu watatu, kila mmoja akidai ni siri ya nyumba yake. Hilo halikunisumbua hata siku moja. Mimi kazi yangu ilikuwa mashine ya kubandika lebo, nimevaa aproni na kofia ya wavu, sina haja na siri ya mtu.

Mpaka asubuhi niliyofungua boksi la lebo mpya nikamkuta mamangu.

Sisemi mtu anayefanana naye. Mamangu mwenyewe, na leso yake ya manjano, amekalia mbuzi anakuna nazi, anacheka mpaka pengo la jino la mbele linaonekana. Roli nzima ya lebo ni yeye. Chini yake wameandika kwa Kiingereza kwamba mafuta haya yametoka mikononi mwake, kwenye shamba lake, na pembeni pana ile alama ya kijani ya kilimo hai, kisichotumia dawa za viwandani. Nikasimama pale na roli mkononi. Mwenzangu aliyekuwa upande wa pili wa mkanda akaniuliza kama nimejikata.

Picha ile naijua ilikotoka. Mamangu ana kishamba cha minazi Likoni, nyuma ya Shelly Beach, alichoachiwa na babake. Mwenye chapa, dada mmoja wa Nairobi, mtaratibu, mwenye maneno matamu, alifika kule akitafuta nazi, akazipenda za mamangu, akawa anazinunua na kuzileta kiwandani kwetu. Akaja na mpiga picha. Mamangu alikubali, tena akajifunga leso mpya. Aliniambia, "Si mali yangu? Nionee haya nini?"

Kisha dada yule akataka cheti cha kilimo hai, maana maduka makubwa yalikuwa yanakiulizia. Cheti hicho hakitolewi kwa kuiangalia chupa. Mkaguzi anafuata mafuta kuanzia mnazini mpaka kwenye kifuniko. Kiwandani tulipita: siku ya kilimo hai mashine zinaoshwa kwanza, na mafuta ya kawaida hayaguswi mpaka yale yaishe. Likoni, mkaguzi alizunguka shamba la mamangu asione kosa, kwa sababu mamangu hajawahi kununua hata chupa moja ya dawa. Mbolea yake ni samadi ya mbuzi. Lakini ng'ambo ya ua kuna mtu amekodi kiwanja anapanda mchicha, na bomba la dawa halimtoki mgongoni. Mkaguzi akasema minazi ya mpakani haiwezi kuhesabiwa, upepo unaileta dawa. Na shamba lenyewe ni jembamba. Ukitoa minazi ya mpakani, kilichobaki ni njia ya kupita.

Sheria hiyo siikatai. Dawa ni dawa, hata ikija na upepo. Mwenye chapa akahamia kwa shamba kubwa la mbali, lenye cheti chake, na mamangu akaambiwa kwa simu kwamba nazi zake hazihitajiki tena. Alinuna siku kadhaa, akarudi kuwauzia wapika mahamri wa mtaani. Tukadhani yameisha.

Kumbe nazi ndizo zilizokataliwa. Uso waliuweka.

Jioni ile nilivuka feri nikaenda Likoni na lebo moja mfukoni. Mamangu aliishika mbali na macho kama anavyoshika dawa za hospitali.

"Huyu ni mie."

"Ndiyo, mama."

"Na mafuta ni yangu?"

"Si yako. Ni ya shamba lingine."

Nilidhani atacheka, maana yeye ni mtu wa kucheka. Akaiweka lebo chini, akaifunika kwa kiganja.

"Wallahi, nimefanywa mwongo na mie nimekaa kwangu," akasema. "Huyo dada anakuja lini hapo kwenu?"

Nikamwambia, maana wiki ile mkaguzi alikuwa anarudi kwa ukaguzi wake na mwenye chapa alikuwa aje pia. Sikumwalika mamangu. Lakini siku hiyo, mimi niko kwenye mashine, bawabu akaja kuniita. Mamangu alikuwa langoni na buibui lake, na yule dada alikuwa ndio anashuka kwenye gari, mkaguzi kando yake na faili kwapani.

"Shikamoo mama!" dada akasema, amefurahi kwa kweli. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hakuona kosa lolote.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuchukua uso wangu."

Dada akacheka kidogo, kisha akaacha. Akaeleza kwamba mamangu alikubali kupigwa picha. Mamangu akasema ni kweli, alikubali kupigwa na nazi zake. Dada akasema, "Mama, wewe sasa ni kama alama. Unawakilisha kina mama wote wa Pwani."

"Wamenituma lini?"

Dada akamtazama mkaguzi.

"Mie niliambiwa nazi zangu hazifai," mamangu akaendelea, taratibu, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya samaki. "Nikasema haya, kama hazifai hazifai. Sasa n'ambie, kama nazi hazifai, uso unafaa kwa nini?"

Mimi ndiye niliyepandwa na hasira. Nilimgeukia mkaguzi nikamwambia, wewe ulifika shambani kwake, unajua hakuna hata tone lililotoka kule, mbona unapitisha lebo hii? Alikuwa mtu mpole. Alinitazama kwa huruma, na huruma yenyewe ikanizidishia.

"Dada yangu, mimi nakagua mafuta," akasema. "Mafuta ni sawa kabisa. Picha si kazi yangu."

Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo meno yanasagana. Walijua kila nazi imetoka mnazi gani. Walijua pipa limeoshwa na nani, kwa sabuni gani. Walikuwa radhi kuitupa nazi safi ya mwanamke mzima kwa hofu ya upepo, wasije wakamdanganya mnunuzi. Halafu wakambandikia mnunuzi huyo huyo uongo mkubwa kuliko kidole chake, mbele ya chupa, kwa rangi, na hapo ikawa si kazi ya mtu.

Dada aliahidi kuibadilisha picha, ila lebo zilizokwisha kuchapishwa zitumike kwanza. Akampa mamangu mfuko wa chupa kama zawadi. Mamangu akauweka juu ya boneti ya gari akaondoka bila kuaga, na kwetu kuondoka bila kuaga ni tusi kubwa.

Mimi nikarudi ndani nikakataa kuivalisha mashine roli ile. Supavaiza wetu, mtu wa bara asiye na ubaya, akaninong'oneza, "Sister, usijiharibie. Hii ni job tu." Nilipokataa tena akanipeleka kuosha mitungi, na mamangu akaendelea kubandikwa na mtu mwingine. Niliosha mitungi mpaka lebo zile zikaisha. Zilipokuja mpya zilikuwa na bibi mwingine, amejifunga kitambaa cha nchi nisiyoijua, naye anacheka. Nikamuuliza supavaiza huyu ni mama wa nani. Akasema picha hizo hununuliwa mtandaoni. Mwisho wa mwezi nikaacha kazi.

Mdogo wangu aliolewa baada ya hapo, harusi nzuri, Likoni nzima ilikuja. Mpiga picha alipowaita watu wa nyumbani, mamangu alisimama pale pake, kulia kwa bibi harusi, kisha akaivuta leso ikafunika uso wote.

"Mama, leo tu," mdogo wangu akamsihi. "Ni harusi yangu."

"Piga hivyo hivyo," mamangu akamwambia mpiga picha, kutoka ndani ya leso.

Mdogo wangu alilia, rangi za macho zikamchuruzika, ikabidi apakwe upya. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwake. Wageni huuliza yule aliyejifunika ni nani, na yeye hunitazama mimi, nijibu.