Daraja Lililopigwa Msasa

Harufu ya rangi ya viatu hunipandisha hasira mpaka leo. Mtu anang'arisha viatu vyake vya kanisani taratibu, mimi nimeshanuna kama niliyetukanwa. Bandani kwa baba, kule Chang'ombe, harufu hiyo ilichanganyika na vumbi la mpingo. Baba alikuwa mchonga vinyago kutoka Newala, na kinyago kikishachongwa hupigwa msasa, hupakwa rangi ya viatu, kikang'aa. Wanafunzi wake walichonga, yeye alimalizia. Hakuna kitu kilichotoka bandani bila mkono wake wa mwisho, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wa sayansi alileta treni ndogo ya betri, akatutaka tuitengenezee reli juu ya mbao mbili zilizopigiliwa mezani, katikati pengo, ndio mto. Mimi niliomba daraja. Wavulana wakacheka, nami nikazidi kulitaka. Wiki tatu nzima, nikitoka shule, nilipitia kwenye daraja la reli kulitazama la kweli: vyuma vilivyokatizana, misumari yenye vichwa vikubwa, kutu iliyochuruzika kwenye nguzo. Nikakata vijiti vya mishikaki, nikavifunga kwa waya na gundi, kisha nikaloweka misumari katika maji ya chumvi mpaka ikatoa kutu, nikavipaka maji hayo kimoja kimoja. Pengo nililipima kwa rula mara nne. Daraja lilipokauka lilikuwa chafu, limezeeka, na nililipenda mno.

Asubuhi ya maonyesho nilitoka kuoga nikalikuta linameta. Baba alikuwa amelimalizia. Kutu yote kaifuta kwa msasa, ncha zote kazilainisha mviringo, juu yake kapaka rangi ya viatu.

"Sasa limekaa sawa, mama," aliniambia, anatabasamu.

Nilipiga goti, nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Asante, baba." Mtoto wa nyumba ile angesema nini kingine?

Shuleni, kwa vile msasa ulikula ncha, lilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Ubao mmoja lilishika, wa pili halikuufikia. Mwalimu akaliegemeza kwa vitabu, treni ikaja, ikadumbukia, betri zikatawanyika sakafuni. "Hiki kinyago umekitoa wapi?" aliuliza, na darasa zima likaangua kicheko. Wageni walioneshwa reli iliyokatika, na jina langu limebandikwa pale pale penye pengo.

Leo nina chumba changu cha kazi Mbezi Luis, natengeneza madaraja madogo ya mfano kwa ajili ya wahandisi, na kutu yangu wanaisifu. Baba amezeeka, anaishi nami. Juzi nilimkuta chumbani humo, msasa mkononi, ameinamia daraja la mteja. Nilimpigia kelele. Sikuwahi kumpigia kelele maishani.

"Lina makwaruzo, mama," alisema, ameduwaa. "Mbona lile la shuleni uliniambia asante?"

Na kweli nilisema. Miaka yote hii nimemkasirikia mzee kwa kosa ambalo hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni kosa. Wanangu mimi husema "sitaki" huku wananitazama usoni. Majirani wanasema nimewadekeza. Waseme. Nimebadilisha kitasa cha chumba cha kazi, na baba bado sijamwambia kwa nini.